Nakala ya Njano

Mhariri alilamba kidole gumba, akakipitisha juu ya kioo cha simu, kisha akailaza simu mezani katikati ya vikombe vya rangi. Mama Rangi aliuona mchirizi wa mate ukikauka juu ya picha hata kabla hajaitambua picha yenyewe.

"Hii unaijua?"

Aliijua, maana ilikuwa kazi ya mkono wake. Lilikuwa jalada la toleo lililopita la jarida lao: Mjane wa Ghorofani amesimama kwenye ngazi, kidevu juu, mkono mmoja ukingoni. Ila gauni lake lilikuwa la njano, njano ya kiini cha yai. Nakala nyingine zote za toleo lile zilikuwa na gauni la buluu iliyokolea, kama mchezo wa redio ulivyosema tangu siku ya kwanza.

Mchezo wenyewe ulikuwa umekatwa zamani. Kituo cha redio kiliusimamisha njiani bila kuaga, kikamwacha mjane wa watu ngazini, hapandi hashuki. Wasikilizaji wengi waligutuka, wakasonya, wakahamia vipindi vingine. Wachache walikataa kata kata. Wakaanzisha jarida lao la mashabiki, wakawa wanaiendeleza hadithi wenyewe, huyu anaandika, yule anachora. Mhariri alikuwa na duka la kutoa kopi, basi kurasa zikatoka kwake, nyeusi na nyeupe. Majalada yakaja hapa, kwenye meza hii, Mama Rangi akayapaka moja moja kwa brashi, na mama mkwe wake akayakunja kwa mgongo wa kijiko na kuyabana kwa stepla.

Ili gauni lisivuke mistari, Mama Rangi alipaka kupitia kipande cha plastiki kilichokatwa umbo la gauni. Kilikuwa ni picha ya eksirei ya kifua cha marehemu mumewe. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempa, akisema plastiki nzuri kama hiyo haitupwi, na mwenye picha hatairudia. Tangu hapo mjane wa redio alikuwa akivishwa gauni katikati ya mbavu za marehemu, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa miaka yote hiyo Mhariri alikuwa akiwalaani watu wanaopiga picha kurasa za jarida na kuzirusha mtandaoni bure. Kupe, ndivyo alivyowaita. Alizoea kulipiga kofi furushi la majarida na kutamka, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," kama kwamba methali hiyo aliitunga yeye. Leo hakuwa na hasira hata chembe. Kupe mmoja alikuwa amepata nakala ya njano, akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la mashabiki, na watu ambao hawajawahi kununua hata ukurasa mmoja wakaifanya hoja ya wiki nzima. Kwa nini njano? Mjane anaficha nini? Walichora za kwao, wakaandika za kwao, wakagawiana bure usiku na mchana. Mhariri alinusa wateja. Alitaka toleo lijalo lote liwe la njano, na ukurasa wa kwanza uwe na maelezo ya Mama Rangi mwenyewe.

"Si ulisema hao ni kupe?" Mama Rangi aliuliza.

"Mla ni mla leo," alisema Mhariri, mdomo umejaa karanga. "Mla jana kala nini?"

Ganda la karanga likamtoka mdomoni, likatua kwenye kikombe cha rangi nyeupe. Hakuliona. Mama Rangi alilitoa kwa ncha ya brashi, kisha akaimwaga rangi yote, kwa sababu hakuweza tena kuitazama.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando na kijiko chake, aliomba aione hiyo picha. Aliishika simu mbali na macho, akakunja uso.

"Mjane gani huyu, kama anakwenda harusini? Angekuwa mkwe wangu ningemtolea mzigo wake nje."

Alisema vile kwa nusu mzaha, akimsemea mtu wa redioni, lakini Mama Rangi aliyasikia kama yanamhusu yeye. Nyumba hii ilikuwa ya mama mkwe. Kwao yeye hakukubaki mtu wala mlango. Zaidi ya hayo, na hili lilimuuma kuliko nyumba, duniani kote alibaki huyu mmoja tu anayemwita mwanangu.

"Buluu iliisha, Mama," alisema. "Nikamalizia kwa iliyokuwepo."

"Nilijua," mama mkwe akashusha pumzi. "Nilijua ni bahati mbaya."

Buluu haikuwa imeisha. Marehemu hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mtu mbaya husemwa ukapumua. Alikuwa mtu wa kukagua. Alipitisha kidole kwenye kingo za madirisha, akakinusa. Alifungua sufuria, akafunika bila neno. Mkewe akivaa nguo yenye rangi, aliuliza kelele hiyo ni ya nini, kwa sauti ya upole, mpaka mwanamke wa watu akajikuta anavaa rangi ya ukuta. Alipougua, mkewe alimuuguza, akamgeuza, akamsafisha, akamlisha. Alipokufa alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha mchana mmoja, mama mkwe akiwa amelala, alichukua jalada moja, akampaka mjane njano kutoka shingoni hadi vifundoni, na alipomaliza alikuwa anacheka peke yake. Nakala hiyo ilikuwa yake. Aliificha chini ya vitambaa vya kufutia brashi. Siku alipotoka kununua sabuni, Mhariri alikuja na haraka zake, akakumba kila kilichokuwa mezani, akauza bila kutazama. Hakuwa na kawaida ya kutazama majalada.

Mhariri alipoondoka, Mama Rangi alichukua simu yake, akaingia kwenye lile kundi la mashabiki. Heri asingeingia. Mjane wake wa njano alikuwa amekaa mapajani mwa daktari. Kwingine alikuwa ananyunyiza sumu kwenye chai, kwingine yuko kitandani na mpangaji wa ghorofa ya chini, kila kitu nje, na watu chini ya picha wameweka vikatuni vya kucheka hadi machozi. Jina wamempa, Mjane Mchangamfu. Alizipitia moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekanyaga kinyesi akawa hawezi kuacha kuutazama unyayo. Walikuwa wameishika furaha yake moja, ile ya mchana mmoja, wakaipaka uchafu wa mikono yote ile. Na bure! Hakuna hata mmoja aliyeuliza aliyeipaka ni nani.

Aliandika: Huyo mjane hana mwanamume. Alivaa njano kwa sababu aliipenda.

Jibu lilikuja upesi. Shangazi, soma kazi vizuri. Msanii ameficha maana, si ya kila mtu. Watu wengi wakalipenda jibu lile, na mmoja akamshauri aanze na hadithi za watoto.

Alinawa mikono kwa sabuni. Akainusa. Akanawa tena.

Kesho yake asubuhi Mhariri alirudi na furushi la majalada yasiyopakwa, na karatasi mkononi. Yale maelezo ya Mama Rangi alikuwa ameshamwandikia, kumpunguzia taabu. Akayasoma kwa sauti, akilamba kidole kila alipogeuza ukurasa. Kwamba mimi, Mama Rangi, nilijua tangu mwanzo kwamba mjane ana mpenzi. Kwamba njano ndiyo siri yao. Kwamba mengine yamo ndani ya toleo hili, jipatie nakala yako. Habari za buluu kuisha, alisema, zisitajwe, kwa sababu hakuna anayenunua jarida kusoma habari za rangi kuisha.

"Mjane mwenye mpenzi kabla udongo haujakauka ana jina lake, na jina hilo silitaji nikiwa nakula," mama mkwe alisema. Alikuwa na kijiko mkononi na kipande cha mkate kando. "Na mbona unahangaika kubuni? Muulize huyu. Huyu ndiye mjane. Siku zote hizi hajainua uso kwa mwanamume, hajavaa kitu cha kung'aa, mwanangu amelala salama kaburini kwa sababu ya huyu."

Alimgusa mkwewe begani kwa mkono wenye makombo. Mama Rangi alisikia kichefuchefu kikipanda mpaka kooni, na safari hii hakikutoka kwa Mhariri wala kwa watu wa mtandaoni. Kilitoka kwenye ile sifa. Alikuwa ameila kila siku, na ilikuwa imechacha.

"Buluu haikuisha," alisema.

Mhariri aliacha kutafuna karanga zake.

"Nakala ile ni yangu. Sikuipaka iuzwe. Alipofariki nilimlilia, Mama, wewe uliniona. Halafu nikapumua. Nikakaa siku nzima hakuna mtu aliyefunua sufuria yangu. Nikataka kuona mtu amevaa njano, basi. Hakuna mwanamume. Hakuna sumu. Ni mimi tu."

Kilichosikika baada ya hapo ni mlio mdogo wa simu. Mhariri alikuwa ameiinua, ameielekeza usoni mwa Mama Rangi, na macho yamemng'aa.

"Hiyo," alinong'ona. "Hiyo hiyo. Rudia pale pa kupumua."

"Toka," alisema mama mkwe.

Mama Rangi alisimama. Aliweka brashi chini, akajifuta mikono, akawaza begi lake liko wapi, na kwamba ndani ya begi hilo hakuna cha maana cha kutia.

"Nimesema na huyu," alisema mama mkwe, akielekeza kijiko kwa Mhariri. "Na hicho ulichokipiga kifute nikiona."

Mhariri alikifuta, akalalamika kidogo habari za shukrani ya punda, akaondoka na karatasi yake. Harufu ya karanga ilibaki. Mama Rangi alifungua dirisha, akarudi, akakaa. Alitaka kusema neno, akaanza, "Mama..."

"Usinisemeshe leo."

Mama mkwe aliyavuta majalada karibu yake, yale yasiyopakwa. Hakumtazama. Uso wake ulikuwa na ule mkunjo aliokuwa nao alipoishika simu jana, na midomo ilikuwa inacheza kama ya mtu anayetafuta mahali pa kutema. Alichukua jalada la kwanza, akalilaza, akalikunja, akapitisha mgongo wa kijiko mara moja kwa nguvu. Alikuwa amelikunja kinyume. Mjane alikuwa ndani, ngazi na yote, na nje kukabaki karatasi tupu. Akachukua la pili, akamfungia mjane ndani vile vile.

Mama Rangi alimtazama akiongeza la tatu na la nne juu ya furushi, jeupe pande zote. Alipofika la tano alifungua mdomo amwambie kwamba anakosea upande. Akaufunga, akamsogezea mengine.