Kokoto za Konadu

Dada yangu Birago alikuwa hasemi na mama yetu tangu upepo mkavu wa hamatani uanze, na kisa chenyewe kilikuwa ndizi. Mama, ambaye mtaa mzima wa Bantama humwita Nana Afrakoma, hukaanga ndizi mbivu zenye tangawizi na pilipili mlangoni pake kila jioni. Mjukuu wake Konadu, mtoto wa Birago, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu, alikuwa mteja wake asiyelipa. Sasa kila akila, tumbo linamkata upande wa kulia, chini ya mbavu, hadi anatapika. Birago akampiga marufuku kwenda kwa bibi yake.

"Umemlisha mafuta mpaka ini limechoka," alimwambia mama.

"Wewe nilikulisha nini, majani?" mama akajibu. Wakanuniana.

Konadu alikuja kwangu. "Mjomba, maumivu ya mifupa nayajua kama jina langu. Haya ni mageni."

Kwetu Waasante mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake. Nikawapakia wote garini kwenda kliniki.

"Konadu, mwambie bibi yako afunge dirisha," alisema Birago.

"Mwambie mama yako na yeye ana mikono."

Dakta Ansong alimpitishia mtoto kipimo tumboni, kisha akatugeuzia kioo cha mashine. Ndani ya mfuko wa nyongo mlikuwa na vidoadoa. "Mawe," alisema.

Mama akashika kichwa. "Ndizi zangu hizo."

"Ndizi hazigeuki mawe, Nana. Damu ya mwenye selimundu huvunjika upesi, na ule umanjano unaotoka humo huingia kwenye nyongo. Ukizidi, unaganda. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo kokoto zinavyopata nafasi. Mafuta yanaukamua tu mfuko wenye mawe tayari, ndipo unauma."

"Kwa hiyo mafuta apunguze," Birago akadakia.

"Apunguze, mpaka tuutoe huo mfuko."

Kila mmoja akajiona kashinda. Dakta akaendelea kutazama majibu ya damu. "Ila umanjano wake umewapita hata wenzake wenye selimundu. Wengine huzaliwa na ini lenye uvivu wa kuuondoa, na uvivu huo hurithiwa. Kwenu yuko mtu ambaye macho yanamgeuka manjano akikaa na njaa?"

Mama na dada wakanigeukia kwa pamoja.

"Huyu," mama alisema polepole. "Kila tukifunga kanisani macho yake huwa kama kiini cha yai. Mimi nikajua anakunywa gongo kwa siri."

"Mama, miaka yote hiyo?"

"Nilikuombea sana, mwanangu."

Birago ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata, wakaegemeana mpaka kilemba cha mama kikaanguka, na Birago akakiokota akamfunga tena kichwani. Nilipopimwa, ikaonekana ini langu ni zima, goigoi kidogo tu. Mama alizunguka mtaa kuwatangazia majirani, kumbe nao walikuwa wakiniombea.

Konadu aliongezewa damu kwanza, kisha akapasuliwa kwa vitundu vidogo, mfuko wa nyongo ukatolewa. Alipozinduka akaomba kuziona kokoto zake. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa.

"Nana, nimekuletea pilipili manga."

"Pilipili gani haina hata harufu," mama alisema, huku machozi yakimtiririka.

Selimundu anayo bado, na dawa zake anameza. Lakini Jumapili ya shukrani tulivaa nyeupe ukoo mzima, na ngoma ilipokolea mama na Birago waliingia katikati wakipunga leso. Konadu akawafuata, akiyumbisha mabega taratibu kama dakta alivyomwonya. Alipochoka nilimwekea kiti. Alikaa dakika moja, akanywa maji, akanishika mkono.

"Twende, Mjomba. Wewe hata huchezi."

Nikacheza.