Kwenye Kochi la Ukweni

Mama Dobi alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, na hilo halikuwa siri. Mashuka ya nyumba za wageni karibu zote za mtaani yalipita kwenye banda lake la kufulia, yakatoka meupe, yananukia jua. Nyumbani kwake choo kilisuguliwa asubuhi na jioni, na mgeni aliyekiingia na viatu vya nje alijua kosa lake kwa jinsi alivyotazamwa. Kwa hiyo mwanawe wa pekee, fundi umeme aliyehamia nchi jirani, alipopiga simu kusema amepata mchumba na wazazi wa binti wanataka kumwona mama, swali la kwanza la Mama Dobi halikuhusu binti.

"Huko njiani watu wanajisaidia wapi?"

"Mama, vituo vipo. Watu wanasafiri kila siku."

Alisafiri na mdogo wake, mama mmoja mnene mcheshi aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Basi liliondoka alfajiri, na Mama Dobi alikuwa amekunywa chai vikombe viwili kabla ya kukumbuka kwamba hakupaswa.

Mpakani abiria walishuka kugongewa mihuri, kisha wakakimbilia choo kilichokuwa nyuma ya ofisi. Milango ilikuwa miwili. Mmoja una kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Wa pili hauna komeo, hivyo aliyeingia alishikilia mlango kwa mkono mmoja na nguo kwa mkono mwingine. Redio aliingia, akatoka anajipepea.

"Maji hakuna, taa hakuna, na sakafu usiitazame," alisema. "Ziba pua, inama, toka."

Mama Dobi alichungulia. Maji meusi yalikuwa yametuama mpaka kizingitini, na watu walipita juu ya vipande vya matofali vilivyopangwa kama daraja. Akarudisha mguu.

"Nitangoja mbele."

"Mbele wapi, dada? Kibofu hakijui mbele."

Mbele kulikuwa na kituo cha mafuta, na nyuma yake vibanda vya mabati vyenye gunia badala ya mlango. Upepo ukivuma, gunia linapanda. Mama Dobi hata hakushuka. Aliminya magoti, akaacha kuitikia hadithi za Redio, na kila basi lilipopita kwenye shimo alifumba macho.

Kituo kikuu cha mabasi cha mji alikoishi mwanawe kilikuwa na choo kizuri. Alikiona kwa mbali, vigae vyeupe vinang'aa, akataka kulia kwa furaha. Lakini mlangoni palikuwa na geti la chuma lenye tundu la kutumbukizia sarafu, na yeye alikuwa na noti za kwao tu. Mlinzi, kijana rika la mwanawe, alisema maneno ya lugha asiyoijua huku anaonyesha tundu. Mama Dobi akaonyesha tumbo lake. Kijana akatazama tumbo, akamtazama usoni, akacheka kidogo, bila ubaya. Ilitosha. Mama Dobi aligeuka, uso unawaka, akarudi kwenye mizigo.

Mwanawe alikuwa amefika na mchumba wake, binti mrefu mpole aliyepiga magoti kumsalimia.

"Mwambie akupe sarafu," Redio alimnong'oneza.

"Nimwombe mwanangu sarafu ya mkojo mbele ya mchumba wake? Nyamaza."

"Mama, uko sawa?" mwanawe aliuliza.

"Niko sawa. Twende, tusiwaweke watu."

Ukweni walipokelewa vizuri, tena kwa lugha waliyoielewa. Baba wa binti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, alimketisha Mama Dobi kwenye kochi kubwa lenye vitambaa vilivyopigwa pasi. Mke wake, muuguzi, alileta juisi. Mama Dobi alikuwa amekwisha kuuona mlango wa msalani. Ulikuwa pale pale sebuleni, ubavuni mwa kiti cha mwalimu. Kuuendea ni kumpita goti kwa goti, halafu wote wakae kimya wakikusikiliza. Aliamua kungoja salamu zimalizike. Salamu hazikumalizika. Mwalimu aliuliza habari za safari, za mvua, za bei za vitu, na Redio akajibu kila kitu.

Nyumbani mle mlikuwa na mjukuu, binti wa miaka minne waliyemwita Kidoti, kwa alama nyeusi shavuni. Alimzunguka mgeni, akakigusa kilemba chake, kisha bila kuomba ruhusa akapanda na kumkalia mapajani, kwa uzito wake wote. Mama Dobi aliuma meno. Wakati huo huo Redio alikuwa akisimulia jinsi afisa wa mpakani alivyoitazama picha yake ya pasipoti akamuuliza kama ni ya dada yake marehemu. Sebule nzima ikacheka. Mama Dobi naye akacheka, na palepale akahisi joto. Alijaribu kubana. Hakukuwa tena na cha kubana.

Kidoti alishuka kama aliyekanyaga moto. Gauni lake lilikuwa limelowa nyuma, na kochi lilikuwa na doa linalotanuka.

Kila mtu alitazama. Mama Dobi alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, taratibu, kama mtu mvumilivu, "Ah, mtoto huyu. Si kitu, si kitu."

"Kidoti," mwalimu alinguruma. "Ukubwa wote huo?"

"Si mimi, babu. Mimi nimeshaacha."

"Na uongo juu yake."

Muuguzi alikuwa ameinuka upesi. Alimshika mtoto mkono na kumvuta nje huku akisema, "Twende, twende, umemharibia bibi nguo." Mtoto alikuwa akilia, si kwa deko, bali kilio kile cha mtu aliyesema kweli asisikilizwe. Binti mchumba alimpa Mama Dobi kitenge, akampeleka msalani kubadili. Redio alikuwa akichunguza kucha zake.

Choo kilikuwa safi, kina ndoo ya maji na sabuni mpya. Mama Dobi alijimwagia maji, akajifunga kitenge, akakaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa. Kupitia dirisha dogo alimsikia Kidoti uani, bado akirudia kwa kwikwi, "Nimeshaacha mimi," na sauti ya bibi yake, "Najua. Nyamaza."

Najua. Neno hilo lilimwingia kama sindano.

Alipita mlango wa nyuma. Muuguzi alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, akifua foronya ya kochi. Mama Dobi alichuchumaa upande wa pili, akaushika mwisho wa kitambaa, wakakikamua pamoja.

"Mama," alisema, "huyu mtoto hana kosa."

Muuguzi hakuinua kichwa. "Mtoto wa miaka minne hana maji mengi kiasi hicho. Nimefanya kazi wodini, mama yangu. Na jinsi ulivyokuwa umekaa tangu uingie, nilijua umebanwa. Nilitaka kukuonyesha choo, nikaona nitakuaibisha mbele ya mzee. Baadaye nikaona heri lawama impate mtoto, mtoto husahau."

"Mimi sitasahau."

"Basi tuyaache hapa kwenye beseni. Nani atajua?"

Ilikuwa njia rahisi, na Mama Dobi aliitamani. Aliifikiria kwa muda wote wa kuanika foronya. Kidoti alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevalishwa gauni jingine, hamtazami yeyote. Mama Dobi alimkaribia, akanyoosha mkono. Mtoto alijivuta pembeni.

Akarudi sebuleni. Alisimama, kwa sababu hakuthubutu kuketi.

"Mzee, samahani," alisema. "Kidoti hakukojoa. Ni mimi. Njia nzima niliogopa vyoo, nikaogopa kuwaambia, kisha nikamsingizia mtoto wenu."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Binti alitazama sakafu. Mwanawe alimkazia macho kana kwamba amemwaga kitu kingine kibaya zaidi. Mwishowe mwalimu alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo, "Basi ni mimi nitakayemwomba radhi," akatoka kwenda kwenye ngazi.

Chakula kililiwa. Mazungumzo ya ndoa yalifanyika na mambo yakakubaliwa, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Kidoti alikula akiwa mapajani mwa Redio. Mama Dobi alimkatia kipande cha embe akamsogezea. Mtoto alikichukua, akala, lakini hakusema asante na hakuna aliyemlazimisha.

Wakati wa kurudi, mwanawe aliwasindikiza. Alitembea mbele na mabegi mpaka walipofika kwenye basi.

"Ungenyamaza tu, mama," alisema. "Mama mkwe alishakufichia aibu."

"Aliificha mgongoni kwa mtoto."

Kijana alihamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule. "Kwa nini hukuniambia kituoni? Nilikuuliza."

"Ulikuwa umependeza," Mama Dobi alisema. "Umevaa tai. Sikuwahi kukuona na tai. Nikaona nikikwambia nimebanwa utakuwa tena mtoto wa dobi."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Kondakta alipoanza kuita abiria, alipanda nao ndani, akamtafutia mama yake kiti cha dirishani, na akashuka bila kumwangalia.