Hodi ya Tatu

Watu wa Mtua walikuwa wanakisikia kichwa cha Mwamina kabla hawajamwona mwenyewe. Si mdomo, jamani, kichwa! Mdomo umefungwa, lakini mawazo yanatoka nje kama spika ya mnadani: "Ufuta nimeanika, wingu lile vipi? Mbuzi nimemfunga? Hivi sufuria langu Goreti atalirudisha lini?" Msibani kwa jirani, katikati ya dua, kichwa kikauliza pilau itaiva saa ngapi. Hata mfiwa alicheka.

Kucheka ni kucheka, ila Samia, mwanawe wa pekee, alikuwa anaolewa na Rahimu wa Chunyu, kule Ruangwa. Mama yake Rahimu akaja na kanga mpya na maneno makavu.

"Mama Samia, kichwa kikinyamaza, karibu kwetu Chunyu kwenye ndoa. Kisiponyamaza, ubaki nacho nyumbani."

Mwamina alilia. Mama gani anasimuliwa ndoa ya mwanawe?

Akaenda misheni kwa Sista Beatrisi, mtawa mzee aliyekuwa akifundisha watu kutuliza akili. Sista akamketisha mkekani, akamwambia afumbe macho asikilize pumzi yake. Papo hapo wazo likaja: "Hodi! Mbuzi..."

"Karibu!" akaitikia Mwamina.

"We! Unalikaribisha?"

"Sasa Sista, mtu apige hodi nisimwitikie? Mimi nimelelewa."

Kumbe ugonjwa wenyewe ni adabu! Kila wazo lilipewa kigoda, na hakuna hata moja lililowahi kuaga.

"Kwenu mtu anapiga hodi mara ngapi?"

"Tatu. Asipoitikiwa, anaondoka."

"Basi usiyafukuze. Usiyaitikie tu. Wewe vuta pumzi."

Haya, Mwamina akawa anakaa mkekani kila alfajiri. Wazo la mbuzi lilipiga hodi, likapiga tena, likapiga ya mwisho, likaondoka limenuna. La sufuria lilizunguka nyumba likichungulia madirishani, nalo likaenda zake. Kichwa kikatulia, na ndani ya utulivu ule Mwamina akaanza kusikia vitu ambavyo hajawahi kuvisikia: jani la mkorosho likianguka, hata paka akiota.

Siku ya ndoa aliketi chumbani na mwanawe, kichwa kimya kabisa. Mama yake Rahimu akaridhika. Shehe akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Binti Samia, umeridhia kuolewa na Rahimu?"

Samia akainama, hakusema kitu.

"Kimya cha mwali ni ridhaa!" akadakia mama yake Rahimu, tayari kwa kigelegele.

Hapo Mwamina akasikia hodi. Ndogo, inatetemeka, wala haikutoka kichwani mwake. Ilitoka chini ya ushungi wa mwanawe.

Hodi, mama.

Akatega sikio.

Hodi.

Ya tatu hakuisubiri. "Karibu, mwanangu!" alipiga ukelele hata kofia ya shehe ikaanguka. "Karibu, ingia, sema!"

Samia akamwangukia kifuani akilia. "Simtaki, mama. Kila nikija kukwambia, nakuta mbuzi kanitangulia."

Mwamina aliumia, tena sana. Akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Si mlisema huyu amepona?" mama yake Rahimu akafoka.

"Nimepona, mama Rahimu," Mwamina akasema. "Pilau kuleni. Ndoa hakuna."