Saini za Majirani wa Dawati

Basi jamani, siku hiyo Wakili aliamka na moto! Suti kaipiga pasi mara mbili. Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa imemtuma kwenye shule aliyosoma mwenyewe, akawaambie wanafunzi wa mwaka wa mwisho utapeli na dawa za kulevya humfikisha mtu wapi kisheria. Na kiranja wa darasa ni nani? Mdogo wake wa kike, tumbo moja!

Akafundisha hadi sauti ikakauka. Umebeba kifurushi cha rafiki, hujui kilichomo? Wewe ndiye utakayekamatwa nacho. Umesajili laini ya simu ukampa mtu, akatapeli watu nayo? Polisi watabisha hodi kwako. Kijana mmoja, wanamwita Miwani, akanyoosha mkono.

"Dada Wakili, na kama nimebeba lakini sijaonja?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hakimu haulizi ladha, mdogo wangu. Na saini ya mtu ukiiweka wewe?"

"Umeghushi!" wakaitikia wote, kama kwaya.

Akafurahi, masikini. Kipindi kikaisha, wakatawanyika, mdogo wake akamletea karatasi ya mahudhurio. Majina sitini, saini sitini. Vijitabu alikuwa amegawa kwa mkono wake, kila aliyekuwepo kimoja: arobaini na kimoja.

"Hawa wengine walikaa wapi? Darini?"

"Aa, dada, ndio utaratibu wetu. Asiyekuja anasainiwa na jirani wa dawati. Tunasaidiana tu."

Wakili akashika kichwa. Kumbe saa mbili nzima alikuwa akimpigia mbuzi gitaa!

"Hapa chini natakiwa nithibitishe kwamba wote walikuwepo. Unataka na mimi nidanganye?"

"Usiposaini, Mwalimu Mkuu ataniuliza mimi. Na barua yangu ya kuombea chuo cha sheria anaiandika kesho. Dada, tafadhali. Damu nzito kuliko maji."

"Chuo cha sheria! Hata aibu huna?" Akampa kalamu nyekundu. "Kaa hapo. Kata kila asiyekuwepo, andika pembeni nani kamsainia."

Binti akakata huku anavuta kamasi. Alipofika jina la katikati, akaiweka kalamu chini.

"Endelea."

"Hili ni langu."

"Lina nini?"

"Saini ya Miwani. Karatasi ilipopita si ulikuwa umenituma nikatafute waya wa projekta?"

Wakili akakaa kwenye dawati, pwaa, suti na pasi zake zote.

"Kata."

"Lakini nilikuwepo!"

"Kata, usaini mwenyewe. Kisha twende."

Mwalimu Mkuu aliisoma karatasi ile taratibu, wekundu hadi ukingoni. Binti, kwa machozi, alikuwa haoni hata mlango uko wapi.

"Barua nitaandika," akasema hatimaye. "Nitaandika pia kwamba jina lake alilikata mwenyewe. Chuo kitaamua." Akamgeukia Wakili. "Ila wewe usinune sana. Huu mchezo wa jirani wa dawati, ni darasa lenu ndilo lililouanzisha. Wewe ukiwa kiranja."

Mdogo mtu akageuka polepole, macho makavu sasa.

"Dadaaa?"

"Tembea," Wakili akasema. "Tembea, kabla sijasahau kwamba wewe ni mdogo wangu."