Mguu wa Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyepewa pua asiyoiomba, ni Dobi. Kazini kwake, kwenye duka la kufulia nguo, aliweza kushika shati la mteja kabla hajalikunjua akakwambia lilivaliwa na mgonjwa, au mlevi, au mtu aliyelala nalo kwenye basi. Wenzake walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha, maana pua hiyohiyo alirudi nayo nyumbani kila jioni, na nyumbani kulikuwa na mguu wa mama mkwe.

Mguu huo ulikuwa na donda ndugu juu ya kifundo, na ugonjwa wa sukari haukuliruhusu lipone. Kila jioni Dobi alipasha maji, akafungua bendeji, akaosha usaha, akapaka dawa, akafunga upya. Miaka miwili alifanya hivyo huku anatabasamu, na huku amebana pumzi. Alishapata ufundi wake: unavuta hewa ya kutosha pale koridoni, unaingia, unaosha, unainuka kana kwamba unakwenda kumwaga maji, unavuta nyingine, unarudi kufunga. Mama hakujua. Mama aliwaambia majirani, "Huyu mkwe wangu hana kinyaa hata chembe," na Dobi alipoyasikia maneno hayo alijiona mwongo, lakini mwongo mwenye thawabu.

Si kwamba Mama hakuwa na binti wa kumzaa. Alikuwa naye, mtaa wa pili tu, mwenye duka la manukato. Wifi huyo alikuja kila Ijumaa akasimama mlangoni. Akapuliza marashi hewani, akaacha chupa mpya mezani kama zawadi, akasema, "Mama, si unanijua, nikiona kidonda nazimia." Kisha akaenda zake mazoezini, maana huko hazimii. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Wifi aliuona mzigo huo mwepesi kabisa akiwa pale mlangoni.

Mazoezi yenyewe waliyafanya pamoja, kwenye klabu ya watu wa kawaida, makarani na walimu na wauza duka, waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya michezo mitatu. Yale mafupi: unaogelea robo tatu ya kilomita, unapanda baiskeli kilomita ishirini, unamalizia kwa kukimbia tano, na katikati hakuna kukaa. Mawifi hawa wawili walitaniana sana juu ya nani atamwacha nani. Ijumaa moja Dobi alikuwa jikoni akimwaga maji ya kidonda, Wifi kaegemea friji anakula embe, na utani ukamwishia Dobi mdomoni.

"Nikikushinda, mguu wa mama utauosha wewe mwaka mzima," alisema. "Ukinishinda, nitaendelea na sitafungua mdomo."

Wifi alitazama beseni, akakunja uso. "Wewe na miguu yako ya kusimamia pasi? Haya, lete mkono." Akaurudisha wake nyuma. "Ngoja kwanza, unawe."

Siku ya mashindano mume wa Dobi alimleta Mama kwa gari, akamkalisha chini ya hema karibu na mstari wa kumalizia, mguu juu ya kreti la soda. Dobi alikuwa ameufunga vizuri asubuhi ile. Mama alisema amekuja kuwashangilia wanawe wote wawili, na asingekosa hata kama angebebwa.

Bwawa lilikuwa na rangi ya chai iliyolala. Ukingoni kulikuwa na utando wa kijani, juu ya utando povu, na juu ya povu bata mmoja aliyekuwa akimaliza haja zake bila haraka. Dobi aliingia akinyanyua mikono juu, asiguse kitu, kama mtu anayepita kwenye choo cha stendi. Mbele yake bwana mmoja mnene alisimama kimya, maji kiunoni, uso umetulia kwa namna ambayo Dobi aliielewa papo hapo. Maji yakawa ya vuguvugu. Firimbi ikalia kabla hajapata pa kuhamia.

Huko ndani ilikuwa visigino, viwiko na mabonge ya matope. Mtu alimkanyaga shingoni. Mwingine alicheua. Plasta ya mtu, yenye pamba yake, ikamgusa mdomo, na alipofungua mdomo kuitema akameza funda zima la bwawa. Kichefuchefu kilimpanda mpaka machoni. Lakini kinyaa nacho kina faida yake: Dobi hakuwahi kuogelea kwa kasi namna ile, kwa sababu hakuwahi kutamani nchi kavu namna ile. Alipotoka na kugeuka, kofia ya Wifi yenye rangi ya waridi ilikuwa bado inayumbayumba karibu na boya la mwisho.

Alivaa helmeti, akaingiza miguu kwenye viatu ikiwa na tope lake, akaivuta baiskeli. Moyoni alikuwa ameshaanza kuhesabu jioni zake. Mwaka mzima angekaa kibarazani saa ile ya kidonda, akinywa chai, akinusa chai.

Barabara ilikuwa tambarare na upepo ulikuwa wa usoni. Alikuwa ameinama, anakanyaga, mapaja yanawaka, aliposikia nyuma yake mlio wa mnyororo wa mtu asiyekanyaga kwa nguvu. Hakuhitaji kugeuka. Kwenye mashindano yale ni marufuku kujibanza nyuma ya mwenzio, maana wa mbele ndiye anayepasua upepo na wa nyuma anabebwa tu. Kila mtu aliambiwa, na Wifi alikuwa ametikisa kichwa kukubali kuliko wote.

"Wifi, toka mgongoni kwangu."

"Barabara ni ya wote, wifi."

Mwamuzi alipotokea na pikipiki yake, Wifi alibaki nyuma, akahema kama mgonjwa. Pikipiki ilipopita, mlio wa mnyororo ukarudi. Ikawa hivyo kwenda na kurudi. Kamasi zilimjaa Dobi puani, na waendesha baiskeli hawana leso, huzipenga hewani na upepo huzipeleka unakotaka. Upepo siku ile ulitaka kumpelekea Wifi. Dobi alilitafakari jambo hilo kwa kina, kilomita nzima. Heshima ya ukweni ikamshinda, akazimeza, na hakuna kitu alichomeza siku ile, bwawa likiwemo, kilichomtia uchungu kama hicho.

Kwenye kukimbia, miguu ilikataa. Ilikuwa miti, tena ya mtu mwingine. Wifi alimpita kwenye kona ya kwanza, mbichi, anarukaruka, na nyuma yake akaacha harufu ya waridi. Dobi hakuamini pua yake. Mwanamke yule alikuwa amesimama pale kwenye kubadilisha viatu, katikati ya mashindano, akajipuliza marashi, kwa sababu alikuwa ameshapata pa kuegemea njiani. Dobi alimfuata kwa harufu ile kilomita zote zilizobaki, na harufu ndiyo ilikuwa inamwambia anaachwa kiasi gani. Mwisho hakuisikia tena.

Alivuka mstari, akashika magoti, akatapika maji ya kijani mbele ya watu waliokuwa wakila mikate. Mama alikuwa anapiga makofi. "Wanangu," alisema, "wanangu wote wawili."

Wifi alikuja na medali shingoni na chupa ya maji mkononi, hana hata jasho la kufuta. "Pole, wifi," alisema kwa furaha. "Ahadi ni deni. Ukauoshe."

"Akaoshe nini?" Mama aliuliza, bado anatabasamu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Dobi alifuta mdomo kwa kiganja, akaona uzi wa kijani kwenye kiganja, na yote aliyoyameza tangu asubuhi, na tangu miaka miwili, yakapanda kwa pamoja.

"Umekuja mgongoni kwangu njia nzima," alimwambia Wifi. "Kama nyumbani. Wewe unapuliza marashi mlangoni, mimi nainama naosha usaha. Nabana pumzi. Miaka miwili nabana pumzi nisije nikamtapikia mama miguuni. Nilitaka mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja nisiunuse ule mguu."

Wifi alifunga kizibo cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. Mume wa Dobi akaanza kukunja kiti ambacho mama yake alikuwa bado amekikalia.

Mama aliushusha mguu kutoka kwenye kreti. Aliushusha kwa mikono yake miwili, akauingiza chini ya kiti, akavuta gauni mpaka likagusa nyasi. "Kumbe ndicho mlichokuwa mnashindania," alisema. "Na mimi nimekaa hapa nawapigia makofi."

Mume wa Dobi akawasha gari. Mama alifungua kioo cha upande wake, akakiacha wazi mpaka nyumbani, upepo ukimpiga usoni. Akaenda chumbani akafunga mlango.

Dobi alioga. Akaoga tena. Alijisugua shingo na masikio na katikati ya vidole, na bado kuna kitu kilinuka, na mara hii alijua si bwawa. Aliona kinyaa na mdomo wake mwenyewe. Saa ya kidonda ilipofika, jua likiwa bado dirishani, alipasha maji kama siku zote, akachukua beseni na bendeji mpya, akasimama koridoni mahali pake pa kuvutia hewa.

Hewa ilikuwa waridi tupu. Nzito, ya kukaba koo.

Aliusukuma mlango. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejifunga mwenyewe. Bendeji ilikuwa imekwenda upande na fundo limekaa juu ya donda lenyewe. Chupa za Ijumaa zote zilikuwa zimepangwa sakafuni, tatu hazina kitu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kinachuruzika mpaka kisiginoni. Dobi alikuwa anafua nguo za watu miaka mingi, alijua ndani ya marashi kuna spiriti, na alijua spiriti inavyofanya kwenye nyama mbichi. Mama alikuwa ameshika godoro kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka peke yake, na sauti ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Pita, mwanangu," alisema. "Leo unaweza kuvuta pumzi."