Mikono Iliyoazimwa

"Sasa huyu muzee atakufa saa ngapi, turudi nyumbani?" Hadija alipaza sauti, na ukumbi wote wa video ukaangua kicheko.

Joanita hakucheka. Jirani yake Hadija alikuja kutazama filimu. Yeye alikuja kusikiliza shahidi.

Mumewe, Melkiades, alikamua mawese kule Kizuka. Tangu waoane alirudi na mikono ya rangi ya chungwa, na rangi hiyo ilihamia kwenye vikombe, kwenye mlango, hata kwenye mashuka. Lakini kiangazi kilichopita, wiki nzima, akawa anarudi na kucha safi kama za karani, zinanukia sabuni ya maua. Alipobanwa, akasema eti kuna watu wanapiga filimu Kigwena, mwigizaji wao hajui gita, basi wameazima mikono yake.

"Mwanamuziki wa roki hakamui mawese," alieleza. "Ndiyo maana wananisugua."

Mikono! Waume wa wenzake husingizia pancha. Joanita alimpakulia chakula. Njia ya mwongo ni fupi. Alikaa mwishoni mwake, akangoja.

Leo filimu imefika. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na Melkiades amekaa kando yake katika shati la Jumapili, jasho linamtiririka. Pale mbele, kwenye kioo, mwanamuziki mzee wa roki amerudi kwao. Analitazama ziwa. Anashusha pumzi. Analitazama tena, kana kwamba limemkimbia. Mara akalitungua gita ukutani, na Joanita akainama mbele.

"Amefuta vumbi," alisema taratibu. "Na mikono ni yake mwenyewe."

"Ngoja kidogo, mama Raisa."

"Nangoja tangu kiangazi."

Watu walikwisha kuanza kutoka wakati mikono miwili ilipojaa kwenye kioo, ikipiga gita.

"Hii hapa!" Melkiades aliruka.

Joanita aliikodolea macho. Laini. Safi. Mikono ya mgeni. "Si wewe."

Halafu akakiona kidole kidogo cha mkono wa kulia, kimesimama wima, kimekataa kukunjika, vile vile kinavyosimama mumewe akishika kikombe cha chai, tangu mtambo wa mawese ulipokibana. Muziki ukamwagika, mtamu, hata Hadija akafunga mdomo.

"Ni wewe," Joanita alinong'ona. Kifua kikamshuka.

Ndipo pembeni ukatokea mkono mwingine: mwembamba, bangili tatu, kucha nyekundu. Ukatua juu ya ile mikono, ukatulia hapo. Ukumbi ukapiga miluzi.

"Na huo iko wa nani?"

"Ni filimu tu, mama Raisa."

Joanita aliutafuta mkono wa mumewe gizani, mgumu, akaupeleka puani. Mawese. Filimu ikaisha, mablanketi yakashushwa, watu wakatoka wakinung'unika, na bado alikuwa ameushika, kile kidole kidogo kimechomoza nje ya ngumi yake.