Aliyemfungulia Mlango

Jumanne, tarehe tisa Juni 1992, mwizi ambaye Alida alikuwa amemwokoa na kipigo alirudi mtaani Biryogo, akamuua kwa kisu mlangoni pake.

Wiki moja kabla, majirani walimkamata mwizi huyo na sufuria za Alida. Alida akasimama katikati yao: "Msimpige, ni mtoto wa watu. Mpelekeni kwa majandarme." Wakampeleka kwa askari hao. Wakubwa wakamwachia, wanajua wenyewe kwa kinywaji gani.

Mume wa Alida, Mutsinzi fundi cherehani, alimzika, akarudi kushona. Miezi ikapita. Asubuhi moja ikapigwa induru, ule ukelele ambao huku jirani akiusikia hakai ndani. Mwizi mwingine alikuwa chini, kakumbatia redio ya watu. Saidi muuza mishikaki akampa Mutsinzi fimbo.

"Anza wewe, shemeji. Au tumpeleke kwa majandarme wakamkaribishe chai?"

Watu wakacheka. Mutsinzi alimwona Alida pale katikati, kanyoosha mikono kama siku ile. Akafumba macho, akapiga. Wengine wakamalizia.

Jandarme alifika mtu amekwisha kufa.

"Nani alianza?"

"Mimi, shefu," alijibu Mutsinzi, machozi yakimtiririka. "Na yule aliyemuua Alida wangu, nani alimfungulia mlango wa mahabusu?"